Tangi la Lita Ngapi?

Kijana wa dirishani alisoma karatasi ya mzigo mara mbili, akalitazama boksi, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, hapa wameandika tangi la plastiki. La lita ngapi?"

Boksi lenyewe lilikuwa kubwa kidogo tu kuliko la viatu. Nikamwambia si tangi la maji, ni kifaru. Hapo ndipo nilipoharibu. Nchi hii ukitaja kifaru na mzigo wa kimataifa kwa pumzi moja, watu wanawaza pembe, na baada ya pembe wanawaza nyara za serikali. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, miwani kaipandisha kichwani, nikaanza upya: kifaru cha vita, chenye cheni na mzinga, ila kidogo, cha kuunga mwenyewe kwa gundi.

"Cha mtoto?"

"Changu."

Kati ya yote niliyosema siku hiyo mwaka 2014, hilo ndilo lililowashinda kuamini. Nililipa nilichotakiwa kulipa, nikapanda daladala la Gongo la Mboto nimekipakata kama keki.

Baadaye nilikuja kuona kwamba yule kijana hakukosea sana. Waingereza walipokuwa wakiunda mashine hizi kwa siri, Vita Kuu ya Kwanza, walizipachika jina la matangi ya maji ili anayeona chuma kikubwa kimefunikwa turubai asiulize zaidi. Jina likaganda. Karibu miaka mia ilikuwa imepita na uongo ule ulikuwa bado unafanya kazi, hata kwenye dirisha la mizigo Dar es Salaam.

Mimi ni mtu wa hesabu katika duka la vifaa vya umeme Kariakoo, na nyumbani ni Ukonga. Tulipokuwa watoto tulitengeneza magari kwa waya na makopo, magurudumu tukiyakata kwenye kandambili zilizokwisha. Wenzangu walipenda malori na yale mabasi ya Ikarus ya UDA. Mimi nilikuwa nabandika boksi la kiberiti juu ya boksi la sigara, nachomeka bomba la kalamu mbele, nasukuma kwenye mchanga huku nanguruma kwa mdomo. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa nilikuwa na umri wa kutosha tu kusikia wakubwa wakiimba nyimbo za vita vya Kagera bila kuelewa wanachoimba.

Kifaru cha kwanza cha kweli, maana yake cha plastiki kutoka kiwandani, nililetewa na binamu yangu baharia mwaka 2008. Kilikuwa Tiger cha Mjerumani, kimetengenezwa na Tamiya wa Shizuoka, Japani. Ukubwa wake moja kwa thelathini na tano: mita moja ya kifaru chenyewe inakuwa chini kidogo ya sentimita tatu mezani, na mtu wa kimo cha kawaida anakuwa sentimita tano kasoro. Kipimo hicho hakikutoka kwa profesa yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tamiya walitengeneza Panther, kifaru kingine cha Mjerumani, ya kutembea kwa mota, wakaipa upana wa kutosha betri kuingia ndani, halafu baadaye ndipo wakapima na kukuta wameangukia karibu na moja kwa thelathini na tano. Dunia nzima ikafuata. Hadithi hiyo hunipa amani kila nikikosea vipimo.

Kile cha kwanza nilikiunga kwa siku nne kwa mkasi wa kucha, wembe, na gundi ya sekunde, ile inayoshika vidole kabla haijashika plastiki. Kilikuwa kibaya. Nilikipenda mno. Miezi iliyofuata nikawa naagiza kimoja, halafu viwili kwa mpigo ili kuokoa nauli ya mzigo, hesabu ambayo dukani ningemfukuza mtu kwayo. Mwalimu alisema juu ya Amin kwamba uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mimi sababu nilikuwa nayo, nia ninayo, uwezo nilikuwa nauazima kwenye ada ya shule. Mke wangu aliniuliza siku moja, bila ugomvi, akikunja nguo: "Hayo maboksi juu ya kabati yako mangapi?" Nikasema kumi na mbili. Akaendelea kukunja. "Thelathini na moja," akasema. "Na yaliyofunguliwa ni saba."

Kati ya hayo thelathini na moja, Tiger zilikuwa sita. T-34 ya Mrusi ilikuwa moja, Sherman ya Mmarekani moja. Viwandani mambo yalikuwa kinyume kabisa: Tiger za toleo la kwanza zilitengenezwa kama 1,350 tu, wakati T-34 zilipita 50,000 na Sherman zilikaribia idadi hiyo hiyo. Nilikuwa nakusanya picha za kwenye maboksi, si vifaru.

Kuunga ni kitu kimoja, rangi ni kingine, na rangi katika hewa ya Dar ni kesi ya peke yake. Maelekezo yote huandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi kavu. Wanakwambia pulizia vanishi isiyong'aa, subiri, mwisho. Nilipulizia Aprili, masika yamekolea, kuta zinatoa jasho. Kufikia jioni kifaru kizima kilikuwa cheupe kama kimemwagiwa unga wa sembe. Unyevu hunaswa kwenye vanishi kabla haijakauka, ndiyo kisa. Siku hizi vanishi napulizia kuanzia Juni hadi Agosti, saa nne asubuhi, na nikikosa miezi hiyo kifaru kinasubiri mwaka kesho.

Aliyenifundisha rangi hasa ni fundi wa kupulizia magari, mtaa wa Gerezani. Nilimpelekea kipande cha plastiki mfukoni, akacheka hadi akakaa kwenye tairi. Alipomaliza kucheka akanipa elimu ambayo sijaipata kwingine. Rangi iwe kama maziwa, si kama uji. Usianze kupuliza juu ya kitu, anza pembeni, pita, malizia pembeni. Msasa ni wa maji, namba mia nane kwenda elfu moja na mia mbili, na usibonyeze. Akaniuzia pia thina ya NC, ile kali ya rangi za magari, robo lita. Kuhusu hiyo alikuwa sahihi kwa mabati na si kwa plastiki. Nilipulizia praima iliyochanganywa na ile thina juu ya T-34 yangu ya pekee, na macho yangu yakiwa papo hapo, ngozi ya kile kifaru ikaanza kukunjamana kama utando wa juu ya maziwa ya moto. Misumari yote midogo iliyochongwa kwa ustadi kule kiwandani ikayeyuka na kulala. Nilimrudia fundi na maiti. Akaigeuzageuza. "Hii plastiki yako haijui kazi," akasema.

Usiku wa Februari 16, 2011, maghala ya silaha ya Gongo la Mboto yalilipuka. Anayekaa upande wetu hahitaji kuelezwa. Tulikimbia kama wote walivyokimbia, watoto mgongoni, hatujui tunaelekea wapi. Tuliporudi rafu ilikuwa imelala, kioo kila mahali, mizinga imekatika. Mama yangu, ambaye alikuwa akiishi nasi, hakugusa kitu. Alisimama mlangoni akasema, "Na hivi navyo vitoke." Sikubishana naye. Nilivifunga kwenye maboksi, nikayasukuma chini ya kitanda, vikakaa huko karibu miaka mitatu.

Kuvifungua tena ndiko kulikonifunza somo ambalo hakuna aliyenionya. Vifaru vya zamani huja na cheni laini za mpira wa vinaili, kipande kimoja unazungusha kwenye magurudumu. Vinaili ile ina mafuta ndani yake ya kuilainisha. Ikilala juu ya plastiki ngumu miaka, kwenye joto, mafuta yanatoka na kuila. Niliinua Panther moja, na magurudumu yakabaki chini. Nilipoyatazama kwa karibu, kila gurudumu lilikuwa na alama za meno ya cheni zilizozama ndani, nyeusi, zenye kunata, kama sukari guru iliyoachwa juani. Vitano vilikufa hivyo. Sasa kabla ya kuvika cheni ya aina hiyo napaka rangi pande zote mbili, gurudumu na cheni, zisigusane ngozi kwa ngozi. Nikiwa na fedha nanunua cheni za vipande, nachomeka kimoja kimoja. Ni kazi ya jioni nne. Mjusi wa ukutani akikunya juu yake, unafuta kwa pamba yenye mate na unaendelea.

Nilikuwa nimevipanga majeruhi hao barazani, nachagua cha kutupa, mzee wa nyumba ya pili alipopita. Ni mwanajeshi mstaafu. Mtaa mzima tunamwita Afande.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba." Akasimama. "Hivi vyote vya nani?"

"Vyangu, mzee."

"Vyako najua. Nauliza vya nani."

Nikaelewa. Nikamwonyesha: hiki cha Mjerumani, hiki cha Mmarekani, kile kilichokunjamana ni cha Mrusi. Akavipitia kwa macho taratibu, mikono nyuma, kama anakagua gwaride. "Chetu?" akauliza. Kisha hakusubiri jibu, akaenda zake msikitini.

Usiku ule nilikaa na simu hadi saa saba. Vifaru ambavyo jeshi letu liliingia navyo Uganda vilikuwa vya Kichina, Type 59 na mdogo wake Type 62. Type 59 ni mtoto wa T-54 ya Kirusi: tani 36, mzinga wa milimita 100, watu wanne ndani. Miaka yote hiyo nilikuwa naweza kukutajia aina tatu za Tiger na tofauti zake, na sikuwa nimewahi kufungua hata ukurasa mmoja juu ya chuma kilichopita kwenye daraja la nchi yangu. Kampuni ya Trumpeter ya China ilikuwa inauza Type 59. Nikaagiza. Ndiyo lile tangi la plastiki.

Kutafuta picha za kufuatia kulikuwa kazi. Kifaru cha Mjerumani kimepigwa picha kila msumari. Cha kwetu huwezi kwenda kukipiga picha kambini, na nashauri mtu asijaribu hata kuuliza. Kibao cha eneo la jeshi kimeandikwa Kiswahili safi. Kwa hiyo kitabu changu cha rejea kilikuwa Afande, anayekuja baada ya alasiri, anavuta kigoda, anashika kile kifaru kwa mikono miwili.

Kitu cha kwanza alichokifanya nilipomaliza kuunga chini, kabla ya rangi, ni kupitisha kidole kwenye magurudumu. Yapo matano kila upande. Kidole kikasimama kati ya la kwanza na la pili, ambapo nafasi ni pana kuliko kwingine. "Hapa pana pengo," akasema. "Ndicho chenyewe."

Nikajitia mjuzi. "Lakini Afande, na T-55 za Amin zina pengo hilo hilo."

"Zinalo. Ndiyo maana ulikuwa unatazama kinakotokea. Hutazami magurudumu."

Ile Sherman yangu nayo ikapata kazi. Nilikuja kusoma kwamba jeshi la Uganda lilikuwa na Sherman walizopewa na Israel, kabla Amin hajawafukuza Waisraeli 1972. Afande anasema yeye hakuiona hata moja. Nimeiweka rafu ya chini.

Nilipomaliza rangi ya kijani nilijisikia fundi kamili. Niliipaka vanishi inayong'aa kwanza, nikasugua wino wa kahawia kwenye mikunjo, nikafuta, nikapitisha brashi karibu kavu kwenye kingo. Stika zilizokuja kwenye boksi zilikuwa za China, sikuzigusa. Nikampelekea barazani kwake. Akavaa miwani ya kusomea.

"Kisafi mno."

"Nimekipaka vumbi, Afande, angalia hapa."

"Vumbi?" Akanitazama kwa huruma. "Sisi tulivuka mvua inanyesha."

Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na daraja la Kyaka wakalilipua Novemba. Kuvuka Mto Kagera na kuingia ng'ambo, katika mvua zile, tani 36 juu ya udongo ulioshiba maji, ndiko anakokukumbuka yeye. Si mzinga, si mlipuko. Tope. Alinionyesha kwa kucha lilikofika: juu ya magurudumu, juu ya vibati vya ubavuni, hadi kwenye taa. Alikuwa askari wa miguu, hakuwahi kupanda ndani ya kifaru hata siku moja. "Kikikwama kile," akasema, "unadhani wanaoitwa kusukuma ni nani?" Husimulia kwa mpangilio, mji kwa mji. Akifika Lukaya, ile barabara ya kwenye kinamasi ambako walikutana na Walibya wa upande wa Amin Machi 1979, huwa anaagiza chai, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya chai.

Shemeji yangu aliyepo Bukoba alinitumia udongo, kilo nzima kwenye mfuko wa rambo, mwekundu wa kutu. Nikadhani nimemaliza. Niliuchekecha kwa chujio la chai, nikachanganya na gundi ya mbao iliyolegezwa kwa maji, nikapaka. Wiki mbili baadaye tope lilikuwa limeota manyoya meupe ya ukungu. Tena hata bila ukungu lilikuwa si tope, lilikuwa mawe. Fanya hesabu: punje ya nusu milimita, ukiizidisha kwa thelathini na tano, ni kokoto ya karibu sentimita mbili. Kifaru changu kilikuwa kimepita kwenye machimbo ya kokoto. Nikakosha vyote kwa mswaki. Mara ya pili nilikaanga udongo kwenye kikaango kikavu hadi ukaacha kutoa harufu, nikausaga kwa kinu cha iliki, nikauchekecha kupitia soksi ndefu ya kike. Kinachopita kwenye soksi ni laini kama poda, na hicho ndicho tope. Kikaango mke wangu alinunua kingine, kile akanikabidhi rasmi. Soksi hajaiulizia.

Afande alipoona toleo la pili alinyamaza muda. Akakisogeza usawa wa macho. Akafunga jicho moja.

"Kiko sawa," akasema. "Sasa weka wanaotembea."

Ni ajabu kwamba niliambiwa hilo mimi, ninayeshinda Kariakoo kila siku. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika ile vita ya kwanza. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba 1916. Septemba 15 ya mwezi huo huo ndipo vifaru vya kwanza vikaingia vitani huko Somme, Ufaransa. Kule chuma kinajikokota kwenye tope, huku watu wanabeba. Ukipita Samora, kwenye ile sanamu ya Askari ya mwaka 1927, maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nimepita pale miaka ishirini nikiwahi gari bila kuyasoma. Nimeyasoma baada ya Afande.

Watu wa kuunga wanauzwa, tele. Wajerumani, Warusi, Wamarekani, wamekaa, wamelala, wanavuta sigara. Wa kwetu hakuna. Kwa hiyo nakata: miguu ya huyu, kiwiliwili cha yule, kofia nachonga, uso naujenga upya kwa filla na sindano, chini ya kioo cha kukuza cha fundi saa. Bunduki za SMG za Kichina zinapatikana kwenye paketi. Kazi ya kifaru kizima ilinichukua miezi mitatu. Mtu mmoja ananichukua mwezi na nusu.

Wa kwanza Afande alimrudisha kwa sababu mikono yake ilikuwa mitupu. "Hakuna aliyetembea hivi," akasema. Wa pili nilimvika begi dogo la kwenye paketi, akacheka, akaliita la mwanafunzi. Wa tatu nilimtwisha boksi la risasi begani, na juu yake blanketi nililolikunja kwa karatasi ya chooni iliyochovywa kwenye gundi. Huyo alimshika muda mrefu. Halafu akanirudishia, akaniambia bega la kushoto halijainama vya kutosha. Lile boksi, anasema, lilikuwa zito kuliko hivyo.

Nimeshamkata bega. Leo naanza upya.